Uzi kwenye Skrini ya Mzee Valerian

Uzi ulipita tena katikati ya skrini, mweusi, mwembamba kama mguu wa buibui, na nyuma yake vidoa vinne. Mzee Valerian akaukandamiza kwa kidole gumba. Ukamponyoka.

"Umeuona?"

"Ndiyo, babu," alisema Elisifa, kichwa chake kikiwa nusu ndani ya boksi la kompyuta.

Elisifa alikuwa fundi wa kompyuta, binti mwenye adabu. Mteja mwenye mvi akimwambia kompyuta imelogwa, hujibu "ndiyo, babu" na kuendelea kutafuta bisibisi.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Saa nne angefika Violet.

Violet, binti yake wa kwanza, aliishi Shirimatunda na alikuwa anautaka ufunguo wa pikapu. Mwezi uliopita Mzee Valerian aligonga nguzo ya lango la jirani, na katika kujitetea akaeleza kwamba nguzo ndiyo iliyomfuata barabarani. Kwa mtu aliyeendesha malori miaka thelathini na minane, na anayedai aliwahi kushuka mteremko wa Sekenke bila breki huku akimenya chungwa, maelezo hayo yalitosha. Kwa Violet hayakutosha.

"Baba, umezeeka. Nipe huo ufunguo."

"Mzee anaweza kuunda kompyuta?"

"Hawezi. Na wewe huwezi."

Basi wakapatana. Aunde kompyuta ya mezani kwa mikono yake, mwisho Jumamosi saa nne. Ikifanya kazi, pikapu ni yake na asisikie neno tena. Ikigoma, Violet anaondoka na ufunguo.

Wiki tatu Mzee Valerian alitazama video za mafundi kwenye simu. Akafunga kipande kimoja kimoja, akabakiwa na skrubu tano, ambazo aliziita za akiba. Alipobonyeza, mashine ikawaka palepale, mara ya kwanza. Skrini ikawa nyeupe pee, na juu ya ule weupe, uzi.

Kuita fundi hakukuwamo kwenye mapatano. Ndiyo maana Elisifa alipitishwa njia ya zizini.

Alianza na kebo. Akaichomoa, akaweka mpya. Uzi ukabaki. Akaunganisha monita aliyokuja nayo mgongoni.

"Umehamia huku," alisema Mzee Valerian. "Na hii nayo imeambukizwa."

"Ndiyo, babu. Basi itakuwa kadi ya picha."

Akaing'oa kadi ya picha kabisa, akachomeka kebo nyuma ya mashine moja kwa moja. Akaiwasha. Mzee akatikisa kichwa. Elisifa akazitoa ram, vile vibao vya kumbukumbu, akazifuta kwa ncha ya kanga yake, akazirudisha. Mzee akatikisa kichwa.

"Ukiutazama unatulia, babu?"

"Unakimbia. Nikienda kushoto, nao kushoto. Nikipandisha, unapanda. Una kiburi kama Violet." Akaegemea kiti. "Ninyi Walutheri hamna sala ya kompyuta?"

"Tunayo ya wagonjwa tu."

"Lete hiyohiyo."

Elisifa hakusali. Aliizima mashine akaiwasha upya, na katika zile sekunde chache kabla picha haijaja, skrini ikiwa bado nyeusi, akauliza, "Na hapa je?"

"Hapa haupo."

"Haupo kabisa?"

"Kabisa. Umejificha."

Elisifa akabonyeza hapa na pale. Kila kilichokuwa cheupe akakigeuza cheusi, na herufi zikawa za kijivu. Mzee Valerian akaipekua skrini pembe hadi pembe, kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi.

"Haupo," alisema. "Mjukuu wangu, umeua nyoka."

Mbwa akabweka. Violet alikuwa amewahi. Elisifa akatwishwa mkungu wa ndizi uliokuwa mlangoni, akageuka mnunuzi papo hapo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa, ujionee."

Violet akakaa. "Mbona nyeusi hivi?"

"Ndiyo wanavyotumia siku hizi. Nyeupe ni za maofisini."

Violet akaandika jina lake, akafungua hiki, akafunga kile, akitafuta kasoro kama mama mkwe kwenye jiko la watu. Hakuipata. Ukimtoa ubishi wake wote, Violet ni mtu wa neno moja. Akausukuma ufunguo, uliowekwa mezani tangu wapatane, ukarudi kwa baba yake.

"Sisemi tena."

"Hapo umeshasema."

Kwa furaha, Mzee Valerian akasema atampeleka mwenyewe kwa shangazi yake Mektrida, kule juu. Elisifa, ambaye kwao ni hukohuko, akapanda nyuma na ndizi zake, maana mnunuzi haachi alichonunua.

Pikapu ikaondoka kwa madaha. Barabara ilipita chini ya migomba, kwenye kivuli kizito cha kijani, na Mzee Valerian akaendesha kwa mkono mmoja, akipiga mluzi. Wakapita lango la jirani. Nguzo ilitulia mahali pake.

Kisha migomba ikaisha. Mawingu yalikuwa yameondoka, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kilikuwa mbele yao, cheupe hadi kinaumiza.

Mzee Valerian akaacha kupiga mluzi. Akawasha waipa.

"Mvua iko wapi, Baba?"

"Kioo kina uchafu."

Waipa zikapita mara tatu, mara nne, zikikwaruza kioo kikavu. Akasimamisha gari katikati ya barabara, akashusha dirisha, akatoa kichwa chote nje.

Uzi ulikuwa unapanda theluji ya Kibo, na vidoa vyake vinne nyuma, bila kibali wala mwongozaji.