Mbuzi Hawanyweshwi kwa Pamoja

Jerusha alikuwa amekata shauri: lori la unga likirudi Kitale asubuhi, yeye atakuwa ndani yake, amelala chini ya turubai. Dereva, Wekesa, alikuwa mtu wa kwao Kimilili, naye alikwisha kukubali.

“Na wakikushika?” Akai aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sinia la maharagwe.

“Wanishike. Nitapoteza nini ambacho sijapoteza?”

Walikuwa wakichambua maharagwe katika kivuli chembamba cha ukuta wa gereza la wanawake, pembezoni mwa Lodwar. Bomba lilikuwa limekauka tena. Tangu Jerusha aletwe hapa, bila mtu kumuuliza anataka ama hataki, bintiye Ashley alikuwa amejifunza kutembea, kusema na kuandika jina lake, yote mbele ya bibi yake. Leo jibu lilikuwa limefika kutoka Nairobi: ombi la Jerusha limekataliwa.

Akai alikuwa mwanamke wa makamo, zamani akiuza makaa Kakuma. Masomo ya kutuliza mawazo aliyapata kwa washauri wa kanisa waliokuja gerezani kila Alhamisi, akayageuza yakawa ya kwake. Walipokuwa wawili tu, alimwita Jerusha mama Ashley.

“Mama Ashley, mbuzi wakifika kisimani na kiu, wanarukia karai wote pamoja. Maji inamwagika, hakuna anayekunywa. Kwa hivyo unashika fimbo, unaita mmoja mmoja. Haya, ita.”

“Niite nini?”

“Hayo mawazo yako. Moja tu.”

Jerusha alisita. “Ashley amenisahau.”

“Mara ya mwisho kwa simu alikuuliza nini?”

“Kama huku fisi huingia ndani.”

“Sasa mtu amekusahau, atajali fisi akikukula?”

Jerusha akaangua kicheko asichokitarajia.

“Huyo mbuzi si wetu. Fukuza. Mwingine.”

“Nitazeekea hapa.”

“Umezeeka?”

“Bado.”

“Huyo hajafika kisimani. Angoje huko. Mwingine.”

“Wamekataa ombi langu.”

Akai aliacha kuchambua. “Eee. Huyu ni wetu, na ana kiu kweli. Mpatie maji yake: leo ulie, kesho uandike ombi ingine.”

Jerusha akalia, maharagwe yakimponyoka vidoleni.

Asubuhi lori lilishusha magunia na kugeuza. Wekesa alikohoa, akainua ncha ya turubai kidogo, akaangalia pembeni. Hakuna mwingine aliyekuwa karibu.

Mawazo yote yakamrukia Jerusha kwa mkupuo. Barabara ilionekana nje, nyeupe kwa vumbi, na mwisho wake mtoto. Alifumba macho. Akaliita moja, akaliuliza kama ni kweli, akaliita jingine. Alipomaliza, yaliyosalia yalikuwa machache na mazito, lakini yalibebeka.

Akatikisa kichwa. Wekesa akashusha turubai, akaliondoa lori, na lango likafungwa nyuma yake.

Jerusha alikuwa bado amesimama pale Akai alipotoka ofisini. Kifungo cha Akai kilikuwa kimekwisha. Shingoni zilikuwa zimerudi shanga alizovuliwa siku aliyoingia, na mkononi alibeba furushi la nguo.

“Kumbe umebaki,” Akai alinong'ona.

“Nimebaki.”

“Andika hiyo barua ya uhamisho. Na usizoee hapa.”

Walishikana mikono kwa muda mrefu. Kisha Akai akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima, akasema kwa sauti ya kusikika ua mzima:

“Nifungulie, afande.”

Jerusha akachomoa funguo kiunoni, akamfungulia, akamtazama hadi alipopotelea vumbini, kisha akajifungia ndani.