Maua Yanayokula Nzi

Virginia aliisoma karatasi iliyobandikwa kwenye friji, akasonya.

"Maji ya mfereji asubuhi na jioni. Mbolea kijiko kimoja kila Jumatatu. Yasipigwe na jua. Maji yasituame kwenye sahani. Tafadhali, Mum."

Basi Debra, mke wa mwanawe, ameenda Kisumu kikazi wiki tatu, na yeye, aliyelima kabeji Kinangop miaka arobaini, aachwe kulea maua yanayokula nzi! Majani yenyewe mekundu, yana vinywele na matone ya gundi, na nzi wamenasa humo wakirusha miguu. Yalimchukiza. Aliyeyaleta alimchukiza zaidi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Virginia alikuja Kileleshwa kung'olewa jino, na huu ulikuwa mwezi wa tatu. Alikuwa ameapa kwamba katika nyumba ile atatoka Debra, si yeye, na kumuulia maua yake kungekuwa mwanzo mzuri.

Kuyang'oa kungemuumbua. Alitaka yafe yenyewe.

"Hata ya mfereji tunaletewa na lori, halafu nimwagie magugu?" alimwambia mwanawe Wachira. "Yanywe ya mvua, kama magugu mengine."

Akakinga ya mvua kwa karai. Mbolea akaitia begini, ikangoje kabeji zake. Vyungu akavisukuma hadi kwenye dirisha linalowaka jua mchana kutwa, kisha akajaza sahani maji pomoni. Mkulima gani asiyejua kwamba mizizi ikilowa huoza?

Wiki ya tatu yalikuwa yamenenepa, yameiva wekundu, na yanachipua. Virginia nusura alie kwa hasira.

Debra aliporudi alikwenda kwanza kwenye maua. Aliyatazama, kisha akamshika mama mkwe mkono kwa mikono yake miwili.

"Mum, nakuomba usituache. Kaa nasi hadi Krismasi. Hata kanisani nimeshawaambia utakuwepo."

"Nani akae? Wewe ndiye wa kunipangia siku?" Virginia alifoka. "Wachira! Toa gari. Naenda kwangu leo."

"Jamani Mum, hata wiki moja tu!"

"Hata dakika!"

Akafunga begi mwenyewe. Debra alimsindikiza hadi kwenye lifti akipangusa macho, na Virginia hakugeuka. Moyo wake ulikuwa mweupe. Miezi mitatu ya vita, na hatimaye amemliza.

Walikuwa wamekwama kwenye foleni, bado hawajafika stegi ya magari ya Kinangop, simu ya Wachira ilipolia. Alibonyeza kitufe cha usukani bila kufikiri, na sauti ya mkewe ikajaa gari zima.

"Umeshamshusha? Si nilikuambia, Wachira! Kwa maua nilimwandikia kila kitu kinyume, yakanawiri. Na leo nimembembeleza abaki."