Uzito Chini ya Daraja

Nilikuwa nimeshaiaga Venisi, begi begani, navuka daraja kwenda stesheni, boti ya mboga ilipokwama chini yangu. Maji yalikuwa yamejaa, na paa la boti lilizidi tao la daraja kwa vidole viwili.

Ndani, juu ya magunia, Ornella alikuwa na uchungu wa kuzaa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya daraja. Maji yangepungua jioni, mtoto asingengoja.

Baba yake, mwenye boti, alituita sisi tuliokuwa darajani.

"Ingieni, jamani, tuididimize! Wewe bwana mnene, unashangaa nini? Leo kitambi chako kina kazi!"

"Nina treni, mzee."

"Treni zipo kila siku. Shuka!"

Nikashuka ngazi, nikaingia. Wakaingia muuza samaki, watawa wawili, na mama mmoja na kapu lake la vitunguu. Boti ikazama kidogo. Tukapita tumeinama, jiwe likiparuza paa, Ornella akinibana kidole gumba hadi kikawa cheusi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Miaka imepita: mzee alishafariki, na sasa Ornella ndiye mwenye boti. Ukucha wangu uling'oka, ukaota mwingine. Treni iliondoka bila mimi. Mimi nipo hapa Venisi bado, na nashukuru.