Mzao wa Mla Mzoga

Kompyuta ya msaada ilikoroma kidogo, kisha sauti ya Fatumo iliyorekodiwa ikajaa darasa zima, ikisimulia hadithi ya kale. Ndugu wawili walibanwa na njaa. Mmoja akala mzoga, na wazao wake wakalaaniwa kushona viatu hadi kiama.

Watoto wote wakamgeukia Ruweyda. Akavuta miguu chini ya dawati, lakini walishaviona viatu vya ngozi alivyoshonewa na babake.

Fatumo mwenyewe, mgeni wa heshima siku hiyo, alimkazia macho. Tangu bintiye atoroke na fundi viatu, hakuwahi kumwita Ruweyda mjukuu wake.

"Ayeeyo," Ruweyda alimwita, machozi yakimlengalenga, "bibi yangu, waambie ni hadithi tu."

Mwalimu akanyoosha mkono aizime kompyuta.

"Wacha, maalim," Fatumo akasema. "Ongeza sauti. Wale wa nyuma hawajasikia."