Kofia ya Miezi Minne

Haba na haba humaliza kibaba. Sijaona aliyajua hayo siku binamu yake alipompigia simu ya video kutoka Ubelgiji, kofia aliyoidarizi miezi minne ikiwa mapajani mwake, imeshafungwa kwa kamba, tayari kwa posta.

"Mnada umefungwa, dada. Imeenda kwa yuro kumi na mbili."

"Tulisema themanini!"

"Nilianzia moja. Ukianzia chini, kule mtandaoni kutangaza ni bure. Nilidhani watu wataigombania. Wamekuja wawili tu."

"Basi nitumie hizo kumi na mbili."

"Wenye mtandao wanakata kamisheni ya mauzo. Halafu wanakata tena kwenye nauli ya posta."

"Hata nauli wanaidokoa?"

"Masharti yalisema. Mi sikusoma yote."

Sijaona alitazama ncha ya kidole chake. Sindano ilikuwa imeitoboatoboa hata ikawa ngumu kama kastabini.

Akaikata kamba kwa meno.

"Dada, unafanya nini? Mnunuzi ameshalipa! Watanifungia akaunti. Niambie basi maneno mawili ya kumwomba radhi, nimwandikie."

"Apana," alisema Sijaona. "Si yeye, si we. Mi siombi radhi."