Dawa ya Mgongo wa Salha

Siku hizi majibu ya ugonjwa na dawa yake hupelekwa kwa mkuu wa kaya, kamwe si kwa mgonjwa. Kwa miaka tisa Salha alijikuna mgongo, na kila asubuhi mama yake, mkuu wa kaya yao, alimpaka mafuta ya nazi akimwambia, "Joto tu hilo, mwanangu."

Leo nesi wa zahanati alimwonea huruma, akamnong'oneza. "Hizi ni fangasi, dada. Majibu tuliyatuma mwaka ule wa kwanza. Mama yako aliyafungua."

Salha alirudi nyumbani, akamuuliza mama yake kwa nini alimficha.

"Ungepona ungeolewa," mama alijibu huku akifungua chupa ya mafuta. "Mimi ningebaki na nani?"

Hodi ikapigwa. Dawa ya Salha kutoka zahanati ilikuwa imefika, kwa jina la mkuu wa kaya. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kuipokea.