Jina la Khanga

Bi Zamzam alilea watoto wake mpaka kitindamimba akaolewa, ndipo naye akaenda chuo cha ualimu. Leo alikuwa anafundisha mbele ya mkaguzi. Akishindwa, arudi zake jikoni.

Mkaguzi, kijana wa kumzaa, alikaa nyuma ya darasa la kwanza. "Anza tu, mama," alisema, kama anayemvusha bibi barabara.

Bi Zamzam akaandika ubaoni: ha, he, hi, ho, hu.

"Nani atanisomea?"

Watoto wakatazama dari. Akageuka kuandika tena, kwa herufi kubwa zaidi, na huko nyuma akasikia kisauti kikijikongoja:

"Ha… ya… ku… hu… su."

Darasa likaangua kicheko. Bi Zamzam akajishika kiunoni. Lo! Khanga ya kupikia! Ametoka nayo nyumbani juu ya gauni, na maandishi yamekaa palepale anapokalia.

"Nani amesoma?"

"Shemsa, mwalimu! Amekusoma huko nyuma!"

Shemsa akainama, akingoja kofi. Bi Zamzam akaifungua khanga, akaitundika juu ya ubao, ikanukia kitunguu darasa zima.

"Njoo, mama. Wasomee na wenzako."

Mkaguzi akakohoa. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Endelea," alisema, "mwalimu."

Shemsa alikwishafika kwenye neno la pili, lile lililokuwa limejificha kwenye mkunjo. Doa la mchuzi lilikuwa limelifunika. Akaanza kulikwangua kwa ukucha, taratibu, na darasa zima likasimama juu ya madawati lione limeandikwa nini.